Nusu ya Mbegu

Alhamisi, Novemba 1984. Asubuhi mawingu, mchana joto, na jioni hii sijui niiite nini.

Nimechoka. Naanza na hilo ili nisije nikalificha katikati ya mengine. Hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Mama mkwe wangu amechoka kunishinda, mume wangu Mwadime yuko mbali, na watoto hawatakiwi kujua kwamba mtu mzima naye huishiwa nguvu. Basi nakuambia wewe, shajara, kwa kuwa huna tumbo.

Sufuria iko motoni. Mahindi ya njano yanachemka tangu jua lilipopita kichwani, na bado ukiuma punje unahisi umeuma kifungo cha shati. Ndiyo mahindi ya msaada, tuliyopimiwa kwa chifu baada ya kusimama foleni mpaka miguu ikavimba. Watu kule foleni walisema yametoka ng'ambo, na kwamba huko ng'ambo hulishwa ng'ombe. Sijui. Kama ni kweli, ng'ombe wa huko wana meno.

Siyadharau. Bila hayo tusingefika leo. Ila mtu asije akaniambia kwamba nimeshiba.

Siku kama ya leo huwa najiuliza tulifuata nini huku chini. Kwetu ni milimani, kule Mgange, ambako ukungu hushuka kila asubuhi na migomba haijui kiu. Lakini shamba la marehemu baba mkwe lilipogawanywa kwa wanawe, fungu letu lilibaki dogo kiasi kwamba mbuzi akijinyoosha, miguu ya nyuma inalala kwa shemeji. Tukashuka. Hapa chini ya mlima Sagalla, upande wa kuelekea Maungu, ardhi ni tele. Kilichopungua ni maji tu. Watu walituonya, tukadhani wanatuonea wivu.

Mwaka huu mvua ya masika haikuja kabisa. Mbuzi waliisha mmoja mmoja. Kunde ziliisha. Mboga za porini zilikauka, watoto wakabaki kumumunya mabuyu. Hata ndovu, ambao miaka mingine tunawafukuza kwa kupiga madebe, mwaka huu walipita kando ya shamba wakaenda zao bila kugeuza kichwa. Siku hiyo nilivunjika moyo kweli. Ndovu akikudharau, ujue huna kitu.

Mvumilivu hula mbivu. Kuvumilia tunavumilia vizuri sana, ni hizo mbivu tu hazijaonekana.

Kitu kimoja hatukukigusa mwaka mzima. Juu ya meko, pale moshi unapopita, Mama hutundika mahindi ya mbegu. Namwita Mama tangu nilipoolewa na mwanawe, na mama yangu mzazi alipofariki nilibaki na huyu tu wa kumwita hivyo. Mahindi yake ni ya kienyeji, madogo, punje nyeupe na moja moja za zambarau, yasiyongoja mvua nyingi. Ameyafunga kwa maganda yake mawili mawili, yamekuwa meusi kwa masizi hata fukusi hawayataki. Sheria ya Mama juu yake ni moja. Mbegu si chakula. Mtoto akilia, mtazame mtoto, usitazame juu.

Tumekaa miezi yote hii bila kutazama juu. Usidhani ni rahisi. Nimechemsha maji na chumvi chini ya mahindi yale, nikakoroga kama mtu anayepika, shingo ikiniuma kwa kukataa kuinuka.

Na kuna Wakesho, kitinda mimba wangu. Zamani alikuwa anaomba chakula mpaka unakereka. Mama, njaa. Mama, bado? Sasa ameacha. Anakaa kwenye mkeka, anatazama moto, ananyamaza. Dada yake Mghoi ana nafuu, shuleni wanapewa uji. Lakini huyu mdogo hana shule, ana mimi tu.

Mtoto akiomba unakasirika. Akiacha kuomba unaogopa.

Basi. Jumatatu akaja Mama Mutua.

Mama Mutua ni jirani yetu, Mkamba kutoka pande za Kitui. Yeye na mumewe walifika huku karibu wakati mmoja nasi, na shamba lao liko ng'ambo ya korongo, ukiita kwa sauti anasikia. Alikaa mlangoni akazungumza habari za jua, habari za punda wake, habari za mtu aliyeanguka foleni kwa chifu. Mimi na Mama tuliitikia. Mtu akizungumza mambo mengi hivyo wakati wa njaa, kuna jambo moja hajalisema. Mwisho akatazama chini, akasema kwamba kwake walikula mbegu. Walikula zote. Walianza na kiganja kimoja cha kumpikia mgonjwa, kikafuata kingine.

Kwetu mbegu hainyimwi. Hiyo nayo ni sheria, na ni ya zamani kuliko Mama. Unaweza kumnyima mtu unga, unaweza kumnyima chumvi ukiona ni mvivu, lakini akija kuomba mbegu unampa. Akivuna analeta kiasi kile kile na kiganja juu yake. Asipovuna, basi, yamekwisha. Hakuna anayemfuata.

Nilijua hilo. Nililijua tangu utotoni. Lakini kujua ukiwa na ghala ni jambo moja, na kujua ukiwa umesimama na mwiko mkononi juu ya maji ya chumvi ni jambo jingine.

Mama alipanda kigoda. Aliyashusha mahindi yote, akayapanga sakafuni, akaanza kugawa. Hili huku, hili kule. Hili huku, hili kule. Hakumchagulia Mama Mutua yale madogo. Afadhali angechagua, ningepata kitu cha kunituliza. Nusu sawasawa ikaingia ndani ya leso ya Mama Mutua, naye akalia, akashukuru, akaondoka upesi upesi kama mtu anayeogopa kuitwa.

Akiba haiozi, husema watu. Yetu haikuoza. Ilivuka korongo.

Wakesho alikuwa pale kwenye mkeka. Alitazama mahindi yakishuka, akayatazama yakitoka mlangoni. Hakusema lolote.

Na mimi sikusema lolote. Sikulelewa kumjibu mama mkwe, na nilijua kwamba nikifungua mdomo sitaufunga. Lakini mimi nikinyamaza, vyombo husema. Tangu Jumatatu nimefagia uwanja mpaka nikafikia udongo mwekundu. Nimeweka sufuria chini kwa kishindo. Nimepasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Mama akiniuliza neno najibu mm. Akiniuliza tena, nakwenda kuchota maji.

Hasira hasara, ndiyo, najua. Lakini ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho tele.

Leo asubuhi nilipotoka nje niliona mawingu upande wa mlima Kasigau, mazito, ya rangi ya kaniki. Mvua yetu ya vuli ikija kweli hutoka huko. Ng'ambo ya korongo nilisikia jembe la Mama Mutua tayari likigonga. Mashimo yetu tulikwisha kuyachimba wiki iliyopita, yalikuwa yanangoja mbegu tu. Na hapa mbegu haingojei mvua, inaingia kwenye udongo mkavu kabla yake, kwa kuwa maji ya kwanza pengine ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Mbegu itakayoyakosa hayo haiyafikii mengine. Mtu akipanda kesho yake amechelewa mwaka.

Nikachukua jembe. Nikaingia jikoni kuchukua mfuko wa mbegu, kwani Mama alikuwa amekwisha kuzipukuchua. Alikuwa ameupakata.

Aliniambia niweke jembe chini.

"Mwenye kinyongo hashiki mbegu," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Lazima nilieleze hili vizuri, kwa ajili yangu mwenyewe. Wazee wetu waliamini kwamba hasira ya mtu wa nyumbani haikai moyoni tu. Hutoka, hukalia vitu. Mtoto anaugua, ng'ombe anaharibu mimba, mbegu inaoza kwenye shimo. Na mwenye hasira hahitaji kufanya jambo lolote baya, hata kulitaka halitaki. Inatosha awe nayo na aifungie. Dawa yake ni kutasa. Unasema kilicho moyoni, unapiga funda la maji, unalipulizia chini, unauambia moyo upoe. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo uani kwake na mate yakituangukia usoni sisi watoto, tukicheka.

Lakini mimi nimebatizwa. Naimba kwaya. Mwinjilisti ametuambia zaidi ya mara moja kwamba mambo hayo tuyaache gizani yaliko. Na Mama naye amebatizwa, hukaa benchi la mbele, na siku ya sadaka hujifunga leso yake mpya. Nikamkumbusha hayo yote kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo mtu akiisikia anajua si ya upole.

Akanijibu kwamba hata Mungu hapendi kinyongo, nikamuulize.

Nikasema sina hasira.

"Mbona basi sufuria zangu zimebonyea?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba mawingu yale hayatungojei, kwamba kama ananikataza mimi, basi apande nani? Mghoi yuko shule, mwanawe Mwadime yuko kwenye mashamba ya mkonge huko Mwatate na mwezi huu hajaonekana. Akasema atapanda mwenyewe. Akatoka na mfuko wake. Nilimtazama akifika kwenye shimo la kwanza, akainama, akaweka punje, akafunika kwa mguu. Kisha akabaki vile vile ameinama. Mgongo ulikuwa umekataa kurudi. Nilikwenda nikamshika kiunoni, nikamnyoosha pole pole, na katika maumivu yale yote mfuko hakuuachia.

Nilitamani kulia na nilitamani kumtikisa. Mawingu yale pale, mashimo yale pale, mtoto yule pale kwenye mkeka, na mwanamke mzima wa kanisani ananiambia habari za moyo.

Nikachukua ndoo nikaenda korongoni.

Kuna kisima cha kufukua kwenye mchanga, maji yake hutoka kidogo kidogo kama deni la mlevi. Unachota kwa kikombe, unangoja, unachota tena. Nikakaa pale. Kutoka pale unaona shamba la Mama Mutua lote. Alikuwa amejifunga leso ile ile, anadondosha mbegu, watoto wake wawili wanafukia nyuma yake. Mbegu zetu. Niliziona zikishuka moja moja kutoka kwenye vidole vyake. Akainua kichwa, akaniona, akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Nilimchukia. Nalisema hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sitalisema pengine popote. Nilimchukia mwanamke ambaye Wakesho alipozidiwa mwezi wa nane alimbeba mgongoni mpaka zahanati, maana mimi mwenyewe nilikuwa nina homa na siwezi kusimama. Nilimchukia mkono ukiwa bado juu, nikimpungia.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si habari za wazee, wala mbegu kuoza. Niliogopa kwamba nimefikia mahali ambapo mtu akiishi mimi naona kama ameniibia.

Nikarudi na ndoo haijajaa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uwanjani, mfuko mapajani, anatazama Kasigau. Sikumsalimia. Niliingia ndani nikatoka na kibuyu, nikakijaza, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Sikujua pa kuanzia. Nikaanza kama tunavyoanza kwenye kikundi cha akina mama: Baba yetu mwema, tunakuja mbele zako. Mama akainua kidole.

"Hiyo ya kanisa nimeisikia. Sasa sema yako."

Nilisema. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo. Nilisema nimemkasirikia yeye kwa kugawa mbegu mbele ya macho ya Wakesho. Nikapiga funda, nikapuliza. Nikasema nimemkasirikia Mwadime kwa kutokuja, na kwa kuwa akija ataleta unga na watoto watamchekea kwa furaha, na mimi niliyekuwa hapa siku zote nitakuwa yule mama mwenye maji ya chumvi. Nikapuliza. Nikasema nimemkasirikia Mama Mutua kwa kuomba. Nikapuliza. Nikadhani nimemaliza, nikashusha kibuyu, halafu likatoka jingine ambalo sikulijua.

"Nimemkasirikia Wakesho," nikasema. "Kwa kunyamaza. Afadhali angelia. Anavyonyamaza ananihukumu."

Sikumbuki kama nilipuliza hilo au nililimeza. Nakumbuka maji yalivyoanguka udongoni na udongo ukayanywa papo hapo, hata doa halikubaki.

Mama alikuwa ananitazama. Nilidhani sasa atanipa baraka, au atanikemea, au atasema moyo upoe kama walivyokuwa wakisema wazee. Akanyoosha mkono akachukua kibuyu.

"Mimi pia," akasema.

Akasema kwamba Mama Mutua alipokuwa anavuka korongo Jumatatu alitaka kumwita arudi. Kwamba mpaka leo asubuhi anatamani kumwita arudi. Ameikasirikia mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akimtazama Wakesho anaona yale mahindi. Akapiga funda akapuliza, lakini meno ya mbele Mama hana, na maji yote yakamwagika kifuani pake. Akajipangusa, akapiga funda jingine.

"Na nimemkasirikia marehemu mume wangu," akasema. "Alinifundisha mbegu hainyimwi, na yeye mwenyewe alikufa ameshiba."

Maji yakamwagika tena kifuani. Tukacheka. Kidogo tu, kwa kuwa kucheka nako kunataka nguvu, lakini tulicheka, na Wakesho akageuka kutoka kwenye mkeka kututazama, wanawake wawili waliolowa wasio na akili.

Sijui kama hasira ilitoka. Maji yalitoka, hilo nalijua.

Akanipa mfuko.

Tulipanda mpaka jua likapita utosini. Mimi niliinama, yeye alitembea nyuma yangu akifukia kwa mguu, mkono mmoja umeshika kiuno. Tuliweka punje mbili kila shimo badala ya tatu, na bado hazikutosha. Mfuko uliisha katikati ya shamba. Mashimo mengine yamebaki wazi pale, yametukodolea macho. Nilihisi kinyongo kikinyanyua kichwa, nikamtazama Mama, naye alikuwa ananitazama tayari. Nilirudi nyumbani nikabandika mahindi ya njano.

Alasiri upepo ulibadilika. Ukaja na ile harufu, harufu ya vumbi lililonyeshewa mahali fulani. Mama akatoka, nikatoka. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka unaona mvua yenyewe, ya kijivu, inatembea kwenye mbuga kuja kwetu. Nilitoa ndoo. Nilitoa sufuria, zile zilizobonyea. Nilitoa hata bakuli la Mghoi. Matone makubwa yakapiga mabati, moja, jingine, mengine, na kwenye uwanja nilioufagia yakachimba vishimo vidogo kwenye vumbi.

Halafu yakakoma.

Mvua ilikuwa imefika korongoni ikapinda. Huku chini ndivyo inavyonyesha, kama mtu anayechagua nyumba za kusalimia. Ilikuwa inanyesha ng'ambo, kwa Mama Mutua, inanyesha kweli, shamba lake likapotea ndani ya maji, tukasikia watoto wake wakipiga kelele na vyombo vikikokotwa nje. Huku kwetu jua lilikuwa linatoka.

Hakuna neno la Kiswahili la kueleza jinsi nilivyosimama pale. Wala la Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Nilitazama vyombo vyangu vimepangwa uwanjani kama nimealika wageni.

Hasira ikarudi kama mtu aliyesahau kofia. Haikubisha hodi hata. Mwaka mzima, nikasema moyoni. Mwaka mzima sikutazama juu, na yule aliyekula mbegu zake ndiye anayenyeshewa.

Nilikuwa bado kwenye hayo wakati kitu kiliposhika sketi yangu. Alikuwa Wakesho. Alikuwa ametoka mwenyewe kwenye mkeka, amesimama pembeni yangu kwa miguu yake ile myembamba, ananyoosha kidole kwenye ile mvua.

"Nataka kwenda kule," akasema.

Sikumbuki lini mara ya mwisho alisema anataka kitu. Sisemi ni mambo ya kibuyu. Mtoto akiona maji huyataka, basi. Lakini nilichuchumaa upesi nikamweka mgongoni kabla hajabadili nia, nikashuka naye mpaka ukingo wa korongo, pale mvua ilipokuwa imekatika. Ungeweza kunyoosha mkono ukaloa kidole na kiwiko kikabaki kikavu. Nikamshusha, naye akanyoosha mikono yote miwili. Chini ya korongo maji mekundu yalikuwa yameanza kutambaa. Maji ya kuteka, angalau hayo tumepata.

Ng'ambo Mama Mutua alikuwa amesimama shambani kwake, leso imemganda mwilini, uso ameuinua. Akatuona. Akaja mpaka ukingo wa upande wake, akaweka mikono mdomoni kwa sababu ya kelele ya mvua.

"Mama Mghoi! Huko imefika? Mmepata?"

Nilitazama nyuma yangu. Shamba letu pale, kavu, nusu limepandwa na nusu mashimo matupu. Nikatazama mbele. Nyuma ya Mama Mutua, chini ya maji yale, zilikuwako mbegu zetu, zile za masizi, zile ambazo sikuzitazama mwaka mzima. Mashimo yangu matupu yalikuwa kwake, yamejaa.

Hakuna aliyelipanga hilo. Mama mwenyewe ameniambia alijuta. Mama Mutua aliomba kwa njaa, Mama akatoa kwa sheria na kwa kuona haya, mimi nikanyamaza kwa kuogopa mdomo wangu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na busara Jumatatu.

"Tumepata," nikamwitikia.

Akainua mikono juu, akacheka, akarudi mbio kwa watoto wake.

Nilipomrudisha Wakesho nyumbani, nywele zake zilikuwa na matone machache. Mama aliniuliza nilikuwa namwitia nini jirani. Nikamwambia. Alitafuna midomo yake kama afanyavyo akiwaza, akitazama upande wa korongo. Kisha akasema kwamba hizo za kwetu zilizo kwenye vumbi zitaweza kungoja siku chache, kama kanga wa porini hawatazifukua na mchwa wakiwa na huruma. Na zisipoweza, basi. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amekijaza kile kibuyu kwa maji ya ndoo, akakiweka mlangoni pale nitakapokiona kwanza nikiamka.

Nikamuuliza cha nini, si tumemaliza leo?

Akasema ananijua.

Sasa mahindi ya njano yameanza kupasuka. Wakesho amekaa karibu na sufuria, hajaomba, lakini anatazama sufuria, hatazami moto. Mghoi amerudi kutoka shule amelowa, anasema mvua ilimkuta njiani kule kwa Mama Mutua na huku kwetu ikamwacha, anaona ni mchezo.

Mimi bado nimechoka. Mguu unauma, mgongo unauma, na nikitazama mashimo yale matupu bado nakereka. Nimejiuliza jioni yote kama nilimdanganya Mama Mutua. Nilisema tumepata, na uwanja wangu ni vumbi. Je, ulikuwa uongo?

Nitalala nalo. Nikiamka na kinyongo, maji yako mlangoni.